Kabla Hujauliza HP Ngapi

Ukiingia duka la pampu Kariakoo ukasema unatafuta pampu ya nyumbani, swali la kwanza ni "HP ngapi?" yaani mota ina nguvu farasi ngapi, na la pili ni una shilingi ngapi. Sijawahi kuulizwa nyumba ina mabafu mangapi, wala bafu la juu liko mbali kiasi gani na tangi, wala bomba lililofukiwa ukutani ni la ukubwa gani. Wauzaji siwalaumu sana. Sisi wateja ndio tunaokuja na HP mdomoni, mfano wa mtu anayekwenda kununua viatu akataja kilo zake badala ya namba ya mguu.

Nyumba iliyonifundisha haya ni ya wazazi wangu. Ipo Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko kama zilivyo nyumba nyingi za huko. Ilianza ikiwa ya chini tu, na mabafu mawili. Baadaye ikapandishwa ghorofa moja, mabafu yakawa manne. Mimi ndiye mtoto niliyebaki karibu, basi kila kinachohusu fundi, LUKU ya umeme na maji kikawa changu.

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, pale hufika kwa zamu, mara nyingi usiku, kwa hiyo nyumba inaishi kwa matangi. Simtanki la lita 5,000 limekaa chini, upande wa bondeni wa kiwanja, na jingine la lita 2,000 liko juu ya mnara wa chuma. Zamani utaratibu ulikuwa rahisi: pampu inapandisha maji mnarani, kisha yanashuka yenyewe kwenda bafuni. Kwa nyumba ya chini mpango huo hauna kasoro. Hesabu yake ni nyepesi, kila mita 10 za maji yaliyosimama ni kama baa moja ya presha. Tangi likiwa mita tano na ushei juu ya kichwa cha shawa unapata nusu baa, na shawa ya kawaida inaridhika. Ghorofa ilipopanda, shawa za juu zilijikuta zipo mita mbili tu chini ya kitako cha tangi. Hiyo ni 0.2 ya baa. Maji yanatoka, ndiyo, ila mwenye nywele ndefu anatoka bafuni na povu lake.

Kuna fundi aliyeshauri mnara uongezwe. Mita tatu zaidi za chuma zingeleta 0.3 ya baa, basi, na lita 2,000 za maji ni tani mbili zinazoning'inia juu ya miguu minne katika udongo wa mteremko. Baba alikataa kabla bei haijatajwa. Akakubali pampu: ya nusu HP, ile ndogo yenye mlio mwembamba, inavuta maji toka tangi la chini na kuyasukuma moja kwa moja ndani ya nyumba, na juu yake kifaa cha otomatiki cha kuiwasha mtu akifungua bomba.

Kwa wazee wawili ilikuwa neema. Tatizo lilikuja kwenye Idi. Ukoo wetu hukutana Goba, watu wanalala hadi sebuleni, na asubuhi ile kila mtu anataka kuoga kabla ya swala. Huwezi kumwambia mtu aoge saa nne. Idi ya 2023 mabafu yote manne yalifunguliwa kwa wakati mmoja, jikoni wanaosha vyombo, na juu maji yakawa yanachuruzika tu. Shangazi alitoa kichwa mlangoni, kajifunga khanga, sabuni imeganda masikioni: "Nani kafunga maji?" Hakuna aliyefunga.

Mchana ule ule ushauri ukaanza. Shemeji alisema tununue HP 2, biashara iishe. Mwingine akasema tufunge pampu ya pili darini. Binamu yangu mmoja akapendekeza tuunge pampu kwenye bomba la DAWASA lenyewe, maji yakija yavutwe kwa nguvu. Hilo mamlaka za maji zinalikataza, na sababu ipo: unamnyang'anya jirani, na bomba la mtaani likinyonywa hadi presha yake ishuke chini ya ile ya nje, popote lilipopasuka litavuta matope na maji machafu ya mtaroni. Pampu ya nyumbani inavuta toka kwenye tangi lako. Mengine ni kutafuta kipindupindu.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kuona kinachotokea. Nilichukua geji ya presha, ile ya mviringo ya kufunga kwenye mdomo wa nusu inchi, bei yake haifiki hata nauli ya wiki. Fundi bomba wetu, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, alifungua kichwa cha shawa ya juu, akaweka tii, kiungo cha njia tatu, katikati, upande mmoja geji na upande mwingine kichwa kikarudi mahali pake. Mabomba yote yakiwa yamefungwa, sindano ilisimama kwenye baa 3 na kidogo. Akafungua shawa ile moja. Sindano ikashuka hadi karibu na 2, ikatulia. Nikamtuma mpwa wangu afungue bafu la pili huko juu, na mwenzake afungue la chini. Tuliiona sindano ikianguka kwa hatua mbili hadi ikapita chini ya nusu baa, na kule juu shawa ikaanza kukohoa.

"Dada, pampu hii ni nzima," fundi alisema. "Imezidiwa tu."

Alikuwa sahihi, na maelezo yote yalikuwa yameandikwa kwenye kibao cha pampu chenyewe, chini ya vumbi: Q 5–40 l/min, H 38–5 m. Q ni maji inayotoa kwa dakika, H ni urefu inaoweza kuyapandisha. Muuzaji hukutajia namba kubwa zote mbili kwa pamoja, inapandisha mita 38, inatoa lita 40. Zote ni kweli, ila hazitokei siku moja. Kibao kimeziandika kwa mpangilio huo makusudi: kwenye lita 5 inapandisha mita 38, kwenye lita 40 inapandisha mita 5. Katikati yake, pampu ya aina hii ikitoa lita 10 inabaki na mita 33 hivi, ikitoa 20 inabaki na 24, ikitoa 30 inabaki na 15. Toa mita sita za kupanda toka tangi la chini linapokaribia kwisha hadi kichwa cha shawa ya juu, toa na zile zinazoliwa na bomba njiani, uone kinachobaki.

Hizi pampu ndogo zina impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, ya shaba yenye meno mengi madogo ukingoni. Zinatoa presha kubwa kwa umeme kidogo, ndiyo maana zimejaa madukani na ndiyo maana zinapendwa. Lakini presha yake inaporomoka kwa kasi kila unapoongeza maji. Zipo pampu za aina nyingine, zenye impela pana ya mapanga yaliyopinda, zile wenyewe wanaziita sentrifugo. Hizo presha yake ya juu haishtui, ila inashuka polepole sana maji yanapoongezeka. Kwa mtu mmoja anayeoga, ile ya kwanza ni bora. Kwa nyumba yenye mabafu yanayofunguliwa pamoja, ya pili. Hii peke yake ingetosha kuokoa pesa za watu wengi wanaohama toka nusu HP kwenda HP 1 ya aina ile ile, wakashangaa mbona watu wa juu bado wanalalamika.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuhesabu, na hapa ndipo ninapodhani watu wengi wanazidisha. Hutakiwi kuhesabu mabomba yote ya nyumba. Unahesabu yale yatakayokuwa wazi kwa dakika moja ile ile, katika siku yenye watu wengi ambayo kweli unataka kuihudumia. Niliamua shawa tatu na bomba moja la jikoni. La nne litasubiri, Idi ni mara mbili kwa mwaka.

Shawa moja inataka maji kiasi gani? Nilichukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Nikafungua shawa hadi Mama aliposema "hapo hapo", kisha nikakinga. Ndoo ilijaa kwa sekunde 75, maana yake lita 8 kwa dakika. Ukitafuta kwenye vitabu utakuta shawa za kawaida zinatajwa kati ya lita 6 na 10, kwa hiyo Mama hakuwa mbali. Dada yangu anayefuata alitaka zile shawa pana kama sinia za hotelini. Nilimwonyesha kwamba moja ile peke yake hunywa lita 15 na kuendelea, yaani anaoga yeye, wawili wanasubiri. Hakufurahi. Shawa yake mpaka leo ni ya kawaida.

Shawa tatu ni lita 24, jikoni weka 6, jumla lita 30 kwa dakika. Urefu wa kupanda ni mita sita. Presha ninayoitaka kwenye shawa ya juu ni baa moja na kidogo, tuseme mita 12. Hadi hapo tuko mita 18. Kilichobaki ni bomba.

Bomba ndilo lililonishangaza kuliko yote. Toka kwenye pampu hadi mgawanyo wa juu kuna kama mita 25 za PPR, bomba gumu la plastiki, na fundi wa zamani alitumia ya milimita 20, wanayoiita "ya nusu", kwenye njia kuu yote. Milimita 20 ni kipimo cha nje. PPR ya maji ya moto ina kuta nene, na ndani ya ile ya 20 tundu ni milimita 13.2 tu. Ya 25, "robo tatu", ina tundu la 16.6, na ya 32, "inchi moja", 21.2. Tofauti ya milimita tatu nne unaiona ndogo ukiishika mkononi. Sasa pitisha lita 30 kwa dakika ndani ya mita 25. Nilifanya hesabu kwa kanuni wanayotumia mainjinia wa maji: bomba la 20 linakula mita 27 za presha, la 25 linakula 9, la 32 halifiki hata 3. Nilidhani nimekosea nukta, nikarudia, ikawa vile vile.

Maana yake ni hii: kwa bomba la zamani ningehitaji pampu ya zaidi ya mita 45, na mita 27 kati ya hizo ningezilipia LUKU kila siku ili maji yasuguane na plastiki. Kwa bomba la inchi moja nahitaji kama 21, na ukiongeza kona na valvu tuseme 23. Hakuna HP inayoshindana na hilo kwa bei nafuu. Fundi akaniambia kuta hazitabomolewa: njia kuu mpya ya 32 itapita nje ya nyumba, ukutani nyuma, iingie darini na kugawa huko, na yale mabomba mafupi ya nusu yanayoingia kila bafu yabaki yalivyo, kwa kuwa kila moja linabeba lita 8 tu. Mabomba na viungo vyake vilikuwa nafuu kuliko pampu. Baba alisikitikia rangi ya ukuta zaidi ya pesa.

Baada ya hapo kwenda dukani ilikuwa jambo jingine kabisa. Sikutaja HP. Nilimwambia kijana wa dukani nataka pampu inayotoa lita 30 kwa dakika ikiwa kwenye mita 23 au zaidi, anionyeshe jedwali lake.

"Mama, chukua hii ya HP 2, hutajuta."

"Kwenye lita 30 inafika mita ngapi?"

Alicheka, akaita bosi wake. Bosi alikuwa mzee wa kazi. Alifungua katalogi, akaweka kidole kwenye safu, akasema HP 1 ya sentrifugo itanitosha na itabaki na akiba: kwenye lita 30 ilikuwa bado ina mita 33 hivi. Ningeweza kushuka kidogo zaidi, ila za chini yake alizokuwa nazo zilikuwa zinaishia 20 na ushei, na mita chache za akiba si mbaya, maana impela huchakaa. Zilikuwepo pia zile zinazobadili mwendo zenyewe kulingana na matumizi, kimya kabisa na nzuri kwelikweli. Nilizipita kwa sababu ya umeme wetu. Vibao vyao vya elektroniki havipendi volti zinazocheza, na kikiungua kibao unanunua karibu pampu nzima.

Mzee yule alinifundisha pia kuangalia waya wa mota. Pampu nyingi za bei ya kutupwa zimesukwa kwa aluminiamu badala ya kopa. Huwezi kuiona bila kufungua, lakini uzito unasema. Alinibebesha mbili zinazofanana rangi na umbo, mkono wa kulia na wa kushoto, na ile nyepesi ilikuwa nyepesi kweli. Waulize wale mafundi wa kusuka mota ni zipi wanazoletewa kila siku.

Umeme una yake ya kusema hapa. Mota ya HP 1 inakula kilowati moja na ushei ikishachanganya, ila pale inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa sekunde moja. Nguvu yake ya kuanzia inafuata volti kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka toka 230 hadi 180, kama zinavyoshuka mitaa mingine saa mbili usiku, mota inabaki na asilimia 60 hivi ya nguvu ya kuanzia. Inanguruma bila kuzunguka, na kapasita au waya vinaungua. Tuliiwekea kifaa cha kulinda, kinachokata volti zikishuka sana na kusubiri kidogo kabla ya kurudisha, na tukavuta waya mnene toka kwenye boksi kuu la umeme badala ya kuchukua umeme kwenye soketi ya gereji kama ilivyokuwa.

Kifaa cha otomatiki nacho kinataka kuelewana na pampu. Kile chetu huiwasha pampu presha ikishuka chini ya baa 1.5, na huizima maji yakiacha kupita. Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, ghorofa zikiwa nyingi, maji yaliyosimama juu yake yakafika mita 15, kifaa kinadhani presha ipo na pampu haiwaki. Kwetu ni mita sita, hakuna shida, lakini nyumba ya ghorofa nne isiige. Pili ni vyoo. Usiku wa kwanza pampu mpya ililala dakika chache, ikaamka, ikalala, ikaamka. Baba alinipigia simu saa tisa usiku kuniambia pampu ina jini. Kumbe choo cha chini kilikuwa kinapitisha maji kidogo kidogo toka kwenye sisteni, lile tangi dogo la kuflashia, kwenda bakulini, uzi mwembamba ambao huuoni mpaka udondoshe rangi ndani ya sisteni uone ikishuka. Ule uzi ulitosha kushusha presha, pampu ikajibu. Fundi alibadilisha mpira wa choo, kisha tukaongeza tangi dogo la presha la lita 24, lile lenye mpira na hewa ndani. Halihifadhi maji mengi, pengine theluthi yake ndiyo inayotumika, lakini kwa kunawa mikono na kujaza sisteni pampu haina haja ya kuamka. Hewa yake hupimwa kwa geji ya matairi pampu ikiwa imezimwa na maji yametolewa, ikae chini kidogo ya presha ya kuwashia.

Maji ya moto nusura yaharibu sifa ya kazi nzima. Juu kuna zile shawa za umeme zinazochemsha papo hapo, za kilowati 5 hivi. Mama alilalamika kwamba maji sasa ni mengi lakini ya moto hayapo. Kifaa hakikuharibika. Kilowati 5 zikipasha lita 4 kwa dakika zinaongeza nyuzi 18, zikipasha lita 8 zinaongeza 9 tu. Joto ni lile lile, limegawiwa maji mara mbili. Ndani ya boksi la shawa huwa kuna kisahani kidogo cha plastiki chenye tundu, cha kupunguza maji mahali presha ilipo kubwa, na mafundi wengi hukitupa pamoja na boksi. Tulikipata chetu kwenye droo ya jikoni. Kwa nyumba zenye hita ya tangi au ya jua kuna jambo zito zaidi: ukisukuma maji baridi kwa pampu na kuacha ya moto yashuke yenyewe toka juu, kwenye mchanganyiko yale ya baridi yatayarudisha ya moto nyuma. Yote mawili yapite kwenye pampu, au yote mawili yasipite.

Pampu yenyewe tuliiweka chini ya usawa wa tangi, karibu nalo, ili maji yaifuate badala ya kuyavuta. Bomba la kuingilia ni inchi moja, fupi, halina kona hata moja isiyo ya lazima. Kwa mpangilio huo huhitaji zile pampu za jeti zinazojivutia maji zenyewe. Hizo ni za visima, na sehemu ya maji zinayazungusha humo humo ndani ili ziweze kuvuta. Tuliihamisha toka chini ya dirisha la wazee, tukaiweka juu ya mpira, kivuli kipo na hewa inapita. Ndani ya tangi kuna boya la umeme linaloikata maji yakikaribia kwisha, kwa sababu pampu inayozunguka kavu huunguza sili yake, ile inayozuia maji yasipite kwenye shafti, kwa muda mfupi sana, kisha inaanza kudondosha maji kwenye shafti na kuyapeleka kwenye mota.

Tatizo la maji ya chumvi kwenye pampu nalijua toka mgawo wa maji wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar nzima ikawa inanunua maji ya maboza. Boza huliulizi limetoka kisima gani. Mengine yalikuwa maji baridi, mengine chumvi tupu. Ile pampu ndogo ilikaa wiki kadhaa bila kazi na maji ya chumvi tumboni, na ilipowashwa ilinguruma tu. Fundi alifungua kofia ya feni nyuma, akashika shafti kwa spana na kuizungusha taratibu hadi ikaachia, na unga wa kutu ukatoka. Impela yake imekaa karibu mno na ukuta wake, nafasi ni kama ya karatasi, kwa hiyo kutu kidogo au chembe za mchanga zinaishika. Hii mpya ina nafasi kubwa zaidi ndani, lakini bado nimemwomba Mama aiwashe kila baada ya siku chache hata kama mnara una maji.

Na mnara hatukuuvunja. Shemeji alitaka tuuze chuma. Tuliacha njia ya pembeni: maji ya mnarani yanaingia kwenye njia kuu ile ile kupitia valvu ya kuzuia yasirudi, hivyo pampu ikiwa imewaka presha yake inaifunga valvu, na umeme ukikatika mnara unachukua nafasi wenyewe bila mtu kugusa kitu. Mwishoni mwa 2023, mgawo wa umeme ulipokuwa mkali, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, chini watu walioga kama kawaida na juu walioga kwa uvumilivu. Lakini walioga. Pampu ndogo ya zamani ndiyo inayojaza mnara siku hizi, kazi ya maji machache na kupanda kwingi, inayoifaa kabisa.

Kaka yangu wa Dodoma aliona shawa za Goba zilivyo na akanipigia nimtajie jina la pampu ili anunue ile ile. Nyumba yake ni ya chini, mabafu mawili, mnara mrefu. Nilimwambia anitumie kwanza picha ya pale bomba linapotokea kwenye tangi. Tangi lina mdomo wa inchi moja na nusu. Fundi alikuwa amelibana hapo hapo kwa nusu inchi na kuvuta nusu inchi hadi ndani, kona juu ya kona. Walibadilisha kipande kile kikawa cha inchi moja na robo hadi kwenye ukuta wa nyumba. Sasa anataka pampu ya bustani, na nimemwomba apime kwanza umbali toka tangi hadi kwenye michungwa.